Kenya Nyingine Iliyoko Angani

Je, wajua kwamba iko Kenya nyingine isiyo na bahari wala watu? Ni jiwe liitwalo 1278 Kenya, mojawapo ya sayari ndogo zizungukazo jua baina ya Mirihi na Mshtarii. Aliligundua Cyril Jackson mwezi wa Juni 1933, akiwa Johannesburg, Afrika Kusini. Mwezi huo huo akagundua jingine, likaitwa Uganda.

Upana wake wakaribia kilomita 20. Kutoka mjini Lamu hadi Shela ni kilomita 3 hivi, basi hesabu mwenyewe! Kwa wastani liko kilomita milioni 360 kutoka kwenye jua, ilhali dunia yetu iko milioni 150. Kwa hivyo mwaka wake mmoja ni karibu miaka yetu mitatu na miezi tisa. Mimi mwenye miaka 16, huko ningekuwa mtoto wa miaka minne tu. Na kujizungusha kwake ni pole pole kabisa: mara moja kwa saa 188 hivi, yaani karibu siku nane. Wataalamu walijuaje? Walilitazama usiku baada ya usiku, mwangaza wake ukipanda na kushuka kadiri linavyogeuka, wakahesabu.

Nilimweleza babu, nahodha wa mashua ajuaye njia kwa nyota. Akaniuliza, "Mwanangu, nyota isoonekana yamwongoza nani?"

Swali hilo liliniuma. Ni kweli, jiwe hilo halionekani ila kwa darubini. Tena nikimaliza kidato cha nne, nyumbani wataka niingie mashuani, nami nataka kusoma fizikia.

Nikamjibu kwa adabu, "Babu, Kilimia ulikijua kwa siku moja?" Akacheka. Yeye naye alitazama usiku baada ya usiku, miaka na miaka. Elimu ni ile ile, ila wenzetu wana darubini. Mwaka 1933 nchi hii ilikuwa koloni. Jina lake lilipelekwa angani, wenyewe hawakuulizwa. Leo hakuna wa kutuzuia kutazama. Ndiyo maana sitaki kuiacha fizikia.

Babu hajakubali, wala hajakataa. Lakini juzi, baada ya sala ya isha, aliniita barazani: "Ewe, hilo jiwe lako sasa liko upande gani?"

Ningali natafuta jibu.