Mrututu na Mkono wa Kulia

Kiharusi kilinipiga upande wa kulia, na mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mkono huo ndio wa kutia kwenye sinia, wa kusalimia, wa kupokea na wa kutoa. Nilipotoka hospitali nikawa nakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, peke yangu chumbani, maana kuchota kwa kushoto mbele za watu nilikuona ni fedheha. Mke wangu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati. Wageni wakibisha hodi najifanya nimelala. Maisha yangu yote nimekuwa fundi umeme wa majumbani, nimetambaa darini na kuvuta nyaya za watu mitaa chungu nzima, na sasa taa ya chumbani kwangu naizima kwa kiwiko.

Ndugu walikuwa na maelezo yao. Mmoja akasema ni upepo mbaya, mwingine akataja jirani, shangazi akaja na habari za mganga wa huko Handeni. Sikuwa na nguvu za kubishana. Daktari alikuwa amekwisha kunionyesha picha ya kichwa na kunieleza habari ya presha na mshipa ulioziba. Nilimwamini, ingawa kumwamini hakukunirudishia mkono. Kijana wa mazoezi ya viungo naye alikuwa na wimbo mmoja: rudia. "Bana, achia, bana tena, mzee wangu. Ubongo utatafuta njia nyingine." Akanipa mpira na vibanio vya kuanikia nguo. Vibanio vile vilinitia hasira kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu mzima nabandika vibanio kwenye ukingo wa ndoo, navibandua, nabandika tena, na mjukuu amekaa ananitazama.

Saa ilitokea kwenye kopo la siagi, mke wangu akitafuta hati ya kiwanja. Tulishaanza kuzungumza habari za kukiuza.

Ilikuwa ya marehemu baba. Saa ya Uswisi ya kutia ufunguo, ya vito 17, mfuniko wa nyuma wa chuma kisichoshika kutu, lakini kasha lenyewe ni shaba ya manjano iliyochovywa kroma. Baba alifanya kazi kwenye korona. Vijana wa leo wakisikia jina hilo hukumbuka barakoa. Nasema ile mashine ya kuponda majani ya mkonge zikabaki nyuzi. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge Tanganyika mwaka 1893, miche 62 tu ikanusurika safari, na kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyomlipa baba mshahara wa kununulia saa. Mashamba hayohayo ndiyo yaliyoila. Maji ya mkonge huwasha ngozi na hayana urafiki na madini. Ongeza jasho, ongeza upepo wa chumvi wa pwani yetu. Kroma ilikuwa imebanduka kama magamba ya changu, masikio ya kushikia mkanda yameota kutu ya kijani, na ubavu unaolalia ngozi una vishimo ambamo ncha ya sindano inazama.

Rafiki yangu fundi saa ana meza yake upande wa Ngamiani. Aliifungua, akaweka lenzi jichoni, akakaa kimya kidogo.

"Mashine nitaikosha, itatembea. Lakini kasha hili, kaka, litupe. Nitakutafutia la Kichina."

Nikamuuliza, haliwezi kuchovywa upya? Akasema linaweza, ila umeme hauzibi shimo, unalifuata. Madini yanayowekwa kwa umeme ni utando mwembamba, nao unalala juu ya kila kilima na kila bonde kama ulivyoyakuta. Ukishang'aa, mkwaruzo uliokuwa hauonekani ndio unaonekana. Kazi yote iko kwenye msasa kabla ya umeme. Nani ana muda wa kusugua kasha moja kutwa kucha? Hapo akautazama mkono wangu uliolala pajani.

"Wewe unao," akasema.

Angekuwa mtu mwingine ningeondoka.

Kabla ya kunikabidhi kasha, alitoa uso wa saa pamoja na mishale akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akavifungia kwake. Tarakimu zilikuwa na ile rangi iliyokuwa inang'aa gizani. Saa nyingi za zama zile rangi yake ilitiwa radiamu. Mwanga umekwisha kufa, mionzi bado ipo, kwa kuwa radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Usikwangue, usipulize vumbi lake. Naurudia wasia huo kwa kila anayetaka kufungua saa ya babu yake juu ya meza ya chakula.

Mabaki ya kroma aliyaondoa sonara kwa asidi, uani kwake, penye hewa ya kutosha. Kazi hiyo sikuitaka nyumbani kwangu. Vile vishimo virefu kabisa akavijaza lehemu. Vilivyobaki vikawa vyangu.

Msasa wa maji namba 400, nimeukunja juu ya kijiti cha aiskrimu. Kasha kwenye kushoto, kijiti kwenye kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzo vidole havikushika kabisa, mke wangu akanifunga kijiti kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Nasogeza upana wa punje ya mchele, narudisha. Baada ya kitambo mkono unakakamaa, bega linapanda lenyewe, ngumi inajifunga, na inabidi nivibandue vidole kimoja kimoja kwa mkono mwingine, nisubiri vilegee, nianze tena. Kwa mtazamaji ni zoezi lilelile la vibanio. Ila kibanio hakina jibu. Shaba ina jibu: tope la manjano linatoka, unalipangusa, na mkwaruzo wa jana umefupika. Polepole nikaacha kuhesabu marudio.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa nyepesi. Kiwanja tulikiuza. Usiku mmoja nilimwambia mke wangu kwamba labda angepumzika kama ningekwenda. Hakunijibu, akazima taa. Asubuhi alinikuta barazani na kijiti changu, akaniwekea chai karibu na mkono wa kulia, makusudi, akaenda zake sokoni.

Kuchovya kwenyewe, kwanza kwa shaba, kulinirudishia hadhi kidogo, kwa sababu umeme ni lugha yangu. Mrututu wakulima wa kahawa wanaujua, hupigia dawa ya ukungu kwenye mibuni; niliupata duka la pembejeo. Gramu 200 kwa lita ya maji ya betri, rangi yake buluu ya kuvutia watoto, kwa hiyo unafungiwa. Kisha asidi ya betri kidogo, nayo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Miwani, glovu, barazani. Upande chanya nikafunga mabaki ya nyaya zangu za shaba nyekundu, upande hasi nikalining'iniza kasha. Chaja ya simu ya zamani ya volti 5, nikaipunguza nguvu kwa rezista.

Michael Faraday aliandika tangu mwaka 1834 kwamba madini yanayotua yanalingana na umeme uliopita, na sheria hiyo haijui pupa ya mtu. Ampea moja kwa saa nzima hukupa gramu 1.2 hivi ya shaba. Kasha la saa ya mkononi linatosheka na robo ampea, na katika saa moja utando wake haufiki robo ya unene wa unywele. Ukilazimisha zaidi, shaba inatua ya unga, nyeusinyeusi, inafutika kwa kidole. Na kabla ya kuzamisha kuna mtihani wa maji. Kasha ukishalisugua kwa magadi na kulisuuza, maji yakitandaa juu yake mfululizo, ni safi. Yakikatika na kujikusanya matone, pana mafuta, pengine ya kidole chako tu kilichogusa, na hapo ndipo utando utakapobanduka.

Lililonishika zaidi lilikuja baada ya kulitoa. Kasha zima jekundu. Unachukua msasa tena, unalisugua, na manjano yanaanza kujitokeza juu huku wekundu ukibaki ndani ya vishimo. Hapo unaona ugonjwa wote wa kasha, tundu kwa tundu, umechorwa kwa rangi. Unalichovya tena, unasugua tena. Kila mzunguko shaba inapanda kidogo ndani ya kishimo na ukingo unashuka kidogo, madoa mekundu yanazidi kuwa madogo. Siku moja nilijikuta nimekwenda na kazi hadi adhana ya alasiri bila ule mpira wa baiskeli, na sijui ulidondoka saa ngapi.

Nikeli tulimalizia kwa sonara, kwenye maji yake ya kijani yaliyopashwa moto. Alinishauri tupige na kroma juu, nikakataa. Maji ya kroma ya aina ile ni sumu ya saratani, na weupe wa nikeli wenye uvuguvugu unamtosha marehemu. Kwa kuwa nikeli huwasha ngozi za baadhi ya watu, nilinunua mkanda wa ngozi unaopita chini ya kasha. Uso wa saa nilikataa usiguswe, ubaki na madoa yake. Dada yangu hajaniwia radhi, anasema nimevalisha kanzu mpya kofia chakavu.

Sasa naitia ufunguo mwenyewe, kwa gumba na shahada vya kulia. Huchelewa dakika chache kwa siku, na fundi amenikataza kumsumbua. Ugali nakula na wenzangu; samaki wa miiba bado nachambuliwa. Kifungo cha shingoni kimenishinda. Darini sipandi tena, kazi hiyo anaifanya kijana niliyemfundisha.

Fundi siku hizi ananiletea makasha ya wateja wake. Juzi mtu wa Muheza alikuja na lake mwenyewe, ameliona ni zito, anadhani ni shaba. Nilikwangua kwa ndani nikaona kijivu cha zinki. Zinki ukiitia kwenye mrututu wenye asidi inaliwa, na shaba inaikalia juujuu tu, ibanduke kesho. Nikamwambia anunue kasha jingine. Alinuna, akauliza ni fundi gani anayekataa hela. Nilikuwa na jingine kwenye beseni na muda wake wa kutolewa umefika, nikamwomba radhi, nikanyanyuka.