Kupanda Mchongoma: Mbio za Baiskeli Katika Theluji

Methali isemayo kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, hufunzwa tangu shule ya msingi, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mtu anayejitosa katika jambo asilojua atalitokaje. Yamkini aliyeitunga hakuwa na habari ya baiskeli, seuze theluji. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali ambapo maneno hayo yanatimia kwa ukamilifu, neno kwa neno, kuliko katika mbio za baiskeli zinazopita juu ya milima mirefu wakati wa baridi. Anayetaka ushahidi na autafute kaskazini mwa Italia, tarehe 5 Juni 1988.

Siku hiyo waendeshaji wa mashindano ya Giro d'Italia walikuwa katika mkondo wa 14, safari ya kilomita 120 kutoka Chiesa in Valmalenco hadi mji wa Bormio. Kati yao na Bormio palikuwa na mlima wa Gavia, ambao njia yake hufika kimo cha zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Sehemu ya barabara hiyo wakati huo haikuwa na lami. Mvua iliyokuwa ikinyesha mabondeni iligeuka theluji kadiri walivyopanda, na udongo ukawa tope zito lililoshika magurudumu. Wengi walikuwa wamevaa kaptura na fulana za mikono mifupi, kama ilivyo desturi ya mwezi wa Juni Ulaya.

Mholanzi Johan van der Velde alishambulia mapema na kuwaacha wenzake. Alifika kileleni akiwa wa kwanza, mikono wazi, theluji ikimpiga kifuani. Lau mshindi angeamuliwa hapo juu, jina lake lingeimbwa hadi leo. Lakini zilibaki kilomita 25 hivi za kuteremka. Hakwenda mbali. Mwili ulimgomea, akalazimika kusimama na kutafuta hifadhi na kitu cha moto kabla ya kuendelea. Alipowasili Bormio alikuwa amechelewa kwa zaidi ya dakika 45.

Ni vyema kueleza kwa nini mteremko ndio unaoangamiza. Anayepanda mlima hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo: misuli inazalisha joto jingi, na upepo anaokutana nao ni hafifu. Hata katika theluji aweza kutokwa jasho, na jasho hilo ndilo litakalomsaliti. Anapovuka kilele mambo yote hupinduka kwa ghafla. Miguu haina kazi tena, joto linakoma kuzalishwa, na mwendo unafika kilomita 50 kwa saa au zaidi. Hewa iliyo katika nyuzi sifuri, kwa mwendo huo, humpiga mtu kama hewa tulivu ya nyuzi 8 chini ya sifuri, na hiyo ni hesabu ya ngozi kavu. Ngozi iliyoloa ni hadithi nyingine, maana maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Vidole ndivyo vinavyotangulia kufa ganzi, na ni vidole hivyo hivyo vinavyotakiwa kubana breki. Mwenye kutetemeka hawezi kushika usukani sawasawa. Aliyeacha kutetemeka bila ya kupata joto yuko katika hatari kubwa zaidi.

Katika kundi lile lile alikuwamo Mmarekani Andy Hampsten, wa timu ya 7-Eleven. Haifai kumsawiri kama mtu shupavu kuliko Van der Velde. Tofauti kati yao ilipatikana asubuhi, dukani. Wasimamizi wa timu hiyo walisikia kwamba kule juu kuna theluji, wakaenda katika maduka ya vifaa vya mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kununua glavu nzito na kofia za sufu kwa ajili ya vijana wao. Miili ilipakwa mafuta mazito ili maji yasipenye upesi. Kila mmoja alitayarishiwa mfuko wenye nguo kavu, na mifuko hiyo ikapelekwa mlimani mapema, karibu na kilele, pamoja na chai ya moto. Hampsten mwenyewe alivaa glavu za neoprini, mpira ule unaovaliwa na wapiga mbizi. Alipokaribia kilele alipitisha mkono kichwani, na theluji iliyokuwa imejikusanya nyweleni ikamporomokea mgongoni. Ndipo alipopokea kofia na koti, akavaa huku akiendelea kukanyaga pedali.

Jambo la kutazamwa hapa ni mahali mfuko ulipowekwa. Kofia kavu iliyovaliwa mwanzoni mwa safari ingekuwa imelowa kabla ya kufika juu. Akiba haiozi, lakini yahitaji kuwekwa panapofikika. Wakongwe wa mchezo huu walilijua hilo zamani: kabla ya kuteremka walipokea magazeti kutoka kwa watazamaji na kuyaingiza kifuani, chini ya fulana, ili yazuie upepo. Gazeti ni kinga duni, ila halina uzito na halichukui nafasi, na lilitosha kumfikisha mtu chini. Anayeifahamu Limuru ya mwezi wa Julai hahitaji kufafanuliwa sana hekima hiyo.

Wapenzi wa lugha watavutiwa pia na maneno yenyewe. Theluji tumeipokea kutoka kwa Waarabu na barafu kutoka kwa Waajemi, ingawa mlima wenye theluji tulikuwa nao Kenya tangu enzi. Kwa Kiswahili mtu husema kwamba baridi imemwingia, na fasihi ya kitiba haiwezi kupinga usemi huo. Kwa mwendeshaji baiskeli baridi ni kitu kiingiacho, hupita kwenye mishono, shingoni, na katika matundu ya viatu, na kazi yote ya maandalizi ni kuziba njia zake moja baada ya nyingine. Fulana ya ndani ya sufu hubakiza joto hata ikiwa na unyevu, ilhali ya pamba hunyonya maji na kuyagandamiza mwilini. Koti jepesi huzuia upepo. Viatu huvalishwa vifuniko. Chakula hufunguliwa karatasi kabla ya safari, kwani vidole vilivyokufa ganzi havifungui kitu, na mwili unaopigana na baridi huchoma sukari kwa pupa. Krimu za kusugulia miguu, ambazo wengi huziamini mno, hupasha ngozi tu, hazipashi damu.

Ushujaa bila kinga nao una historia yake. Mnamo tarehe 20 Aprili 1980, Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio za Liège–Bastogne–Liège nchini Ubelgiji katikati ya dhoruba ya theluji. Walianza waendeshaji 174, wakamaliza 21. Hinault alijitenga na wenzake zikiwa zimebaki kilomita 80 hivi na akashinda kwa zaidi ya dakika 9. Simulizi hii hurudiwa kila mwaka kwa fahari kubwa. Kinachotajwa kwa sauti ya chini ni kwamba vidole vyake viwili havikupona kikamilifu; baridi iliendelea kuvitesa kwa miaka mingi baadaye. Mtu aweza kumstahi Hinault bila ya kulitamani jeraha lake.

Barabara mbovu nazo zina kanuni zinazokaribiana na hizo. Katika mbio za Paris–Roubaix, zilizoanzishwa mwaka wa 1896, kuna zaidi ya kilomita 50 za mawe ya kale yasiyo sawa. Huko tairi pana lenye upepo kidogo hushinda tairi jembamba lililojazwa hadi likawa gumu kama chuma, kwa sababu gurudumu linalodundadunda halisongi mbele. Ilichukua miaka mingi kwa waendeshaji kulikubali jambo hilo, maana ugumu uliaminika kuwa ndio mwendo.

Kenya haiko mbali na masimulizi haya. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kulelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu, alitwaa uongozi wa Giro tarehe 25 Mei 2018 kwa kujitenga kwenye barabara ya changarawe ya Colle delle Finestre, akaenda peke yake kilomita 80. Siku hiyo haikuwa ya dhoruba, lakini mbinu ilikuwa ile ile ya Gavia: wasaidizi walitawanywa njiani kwa vipimo, ili asibebe chakula na maji mengi mlimani.

Tangu mwaka wa 2016 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli lina utaratibu wa kujadili hali mbaya ya hewa kabla na wakati wa mashindano, na mkondo waweza kufupishwa au kufutwa. Mwaka wa 2013, kabla ya utaratibu huo, washiriki wa Milan–San Remo walibebwa kwa mabasi kuvuka sehemu iliyojaa theluji, na mwezi Mei mwaka huo huo mkondo wa Giro uliotarajiwa kupita Gavia ulifutwa. Wapo wanaolalama kuwa mchezo umelegea. Wengi wao hulalama wakiwa wamekaa kwenye makochi, miguu ikiwa mikavu. Aliyeona picha za Bormio za mwaka wa 1988, watu wazima wakishushwa kwenye baiskeli wakilia kwa maumivu na kufungwa mablanketi, hawezi kusema kwamba kilichokuwa hatarini siku ile ni matokeo tu.

Hampsten aliteremka Gavia bila ya kuacha kuzungusha pedali, akihofia kwamba mnyororo na gia vingeganda. Aliitazama miguu yake mara moja, akaiona imekuwa myekundu huku barafu imeshika, akaamua kutoitazama tena. Karibu na mwisho Mholanzi mwingine, Erik Breukink, alimfikia, akampita na kushinda mkondo huo kwa sekunde 7. Jioni hiyo Hampsten alivishwa fulana ya rangi ya waridi ya kiongozi wa mashindano, na bado alikuwa nayo siku saba baadaye Giro ilipokamilika huko Vittorio Veneto.