Busta ya Breki, Mahari Yangu na Mteremko wa Mbamba Bay



Tangu niolewe bara na kuhamia Mbinga, mkoani Ruvuma, maswali mnayoniuliza ni yale yale: baridi naiwezaje, samaki nawapata wapi, na wakwe wakoje. Alhamdulillah. Baridi nimeizoea, samaki wanapanda kutoka Ziwa Nyasa, mbasa na dagaa, na wakwe ni watu wa moyo mweupe. Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo hakuna somo aliyenifundisha siku za singo, nalo ni breki za gari. Msicheke. Mwari anayeolewa mbali na nyumbani anahitaji kulijua, na hata asiyetoka kisiwani litamfaa.

Kwetu Unguja ardhi ni tambarare. Ukikanyaga breki ni kwa ajili ya mbuzi, bodaboda au taa za barabarani. Huku ni kwingine. Mji wa Mbinga umekaa kwenye milima ya Umatengo, takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, katikati ya kahawa na mashamba ya ngoro. Ziwa lenyewe liko chini ya mita 500. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi, siku hizi lami tupu, na ndani ya kilomita hizo unashuka zaidi ya mita 800. Lami imeleta raha, lakini imeleta na mwendo. Zamani mashimo yalimpunguza kasi dereva atake asitake. Sasa anayempunguza ni breki zake na akili yake.

Mama mkwe wangu anaishi Mbamba Bay. Ana presha, na kliniki yake haingojei. Msimu wa kahawa ukianza mume wangu hashikiki, leo yuko kijiji hiki, kesho kile. Gari ya nyumbani ni moja tu, Land Rover Series III ya injini ya petroli, ile ndefu ya 109, aliyoiacha marehemu baba mkwe, Allah amrehemu. Gari za aina hiyo zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina umri wa kuitwa shikamoo. Yetu ilikuwa na breki za drami magurudumu yote manne na haikuwa na busta. Ili ishike ipasavyo, unatakiwa uikanyage kwa mguu wa mtu aliyezoea kubeba magunia. Mume wangu anauweza. Mimi nikikaa kwenye usukani, hata nikiegemeza mgongo wote kwenye kiti, gari inapungua mwendo polepole mno. Uani si neno. Kwenye mteremko wa Mbamba Bay ni roho za watu.

Basi nikamwambia, "Mume wangu, mama akizidiwa wewe haupo, nani atamfuata?" Akanyamaza. Nikampa njia mbili: tuiuze tununue gari ndogo ya kisasa, au tuifunge busta ili na mimi niweze kuiendesha. Kuiuza hakutaka hata kusikia. Kwake ile gari ndiyo sauti ya baba yake inayobaki uani. Kuhusu busta alisema pesa imeingia yote kwenye kahawa, tungoje mavuno yauzwe.

Hapa nataka tuelewane vizuri, hasa nyinyi mabiharusi mnaojiandaa. Mahari yangu nilikuwa nimeiweka. Mahari ni haki ya mwanamke, hakuna anayeweza kumlazimisha aitoe, na mume wangu hakuniomba hata senti. Niliamua mwenyewe kutoa sehemu yake, na nilisema mbele yake kwa maneno ya wazi kwamba hii si deni wala si sadaka ya kulaumiana baadaye. Nilikuwa na sharti moja: gari ikikamilika, ufunguo wa pili ni wangu. Alikubali. Mambo ya pesa baina ya mke na mume yakisemwa wazi mapema, hayaozi moyoni.

Sasa busta ni kitu gani? Ni kopo kubwa la bati, la duara, linalokaa kati ya pedali ya breki na masta silinda. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinacholigawa kopo pande mbili. Injini ya petroli inapovuta hewa huacha mvuto kwenye bomba lake la kuingizia hewa, na mpira mnene huunganisha bomba hilo na busta, ikavutwa hewa iliyomo. Ukikanyaga pedali, vali ndogo hufunguka na kuruhusu hewa ya nje iingie upande mmoja tu. Upande huo unasukuma, upande wa pili uko karibu mtupu, na kiwambo kinasonga mbele pamoja na mguu wako.

Tufanye hesabu ndogo. Hewa usawa wa bahari hukandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa karibu kilo moja. Kiwambo chenye upana wa sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba zipatazo 314. Injini ikitoa theluthi mbili ya hewa hiyo, unapata msaada wa karibu kilo 200. Subhanallah, hewa hii hii tunayoipuuza! Huku juu Mbinga hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo msaada unapungua kidogo pia, lakini bado ni mkubwa. Injini za dizeli hazina mvuto wa namna hiyo, ndiyo maana Toyota nyingi za dizeli zina pampu ya kuvuta hewa iliyopachikwa nyuma ya altaneta.

Kuna fundi mmoja, sitamtaja, aliyemwambia mume wangu kwamba busta ikifungwa breki zote zitapona, hakuna haja ya kufungua magurudumu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyesomea ufundi wa magari VETA, aliyakataa maneno hayo palepale. Alisema, "Shemeji, busta haisimamishi gari. Inasaidia mguu tu. Kama breki ni mbovu, itausaidia mguu kuvunja kilicho kibovu." Maneno hayo nimeyashika mpaka leo.

Kwa hiyo kazi ilianzia kwenye magurudumu. Tuliegesha gari uani mahali pa bapa, tukaweka mawe, tukainua kwa jeki na kuikalisha kwenye magogo imara. Jeki peke yake haiaminiki. Drami zikafunguliwa moja moja. Silinda mbili ndogo zilikuwa zinavuja, na breki shuu za nyuma zililowa mafuta. Vyote vikabadilishwa. Mngesikiliza ushauri wa yule fundi, nguvu mpya ya busta ingetua juu ya silinda zinazovuja.

Busta yenyewe tuliagiza Dar es Salaam, kwenye spea za Kariakoo, pamoja na kikalio chake cha pedali na masta silinda ya njia mbili. Kikalio ni muhimu, kwa sababu kile cha gari isiyo na busta hakiipokei. Masta silinda ya njia mbili nayo ni rehema. Ya zamani ilikuwa na njia moja, paipu moja ikipasuka breki zote zinaondoka. Ya njia mbili hutenga magurudumu ya mbele na ya nyuma, upande mmoja ukifeli mwingine unabaki. Kwa hiyo na paipu mpya zikahitajika.

Shemeji alinionesha mambo matatu ambayo ukimpelekea fundi wako unaweza kumuuliza bila haya. La kwanza ni ufito mdogo unaotoka kwenye busta kwenda kusukuma masta silinda. Lazima ubaki na nafasi ndogo sana. Ukiwa mrefu mno, breki hazitaachia kabisa, zitasugua njia nzima mpaka drami zichemke. Ukiwa mfupi mno, pedali inazama kabla breki hazijashika. La pili ni mpira wa kuvuta hewa. Uwe mnene, wa kazi hiyo hiyo, kwani mpira wa maji utafyonzwa na kujibana. Pia uwe na vali ya kupitisha hewa upande mmoja, ili injini ikizimika mvuto usitoroke mara moja. La tatu ni mafuta ya breki. Yawe mapya kutoka kwenye kopo lililofungwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka mteremkoni, pedali inakuwa kama sifongo na gari haisimami. Nyinyi wa kisiwani mnaoishi na unyevu wa bahari, lisikieni hili mara mbili.

Kazi yangu ilikuwa kutoa upepo kwenye mfumo. Nilikaa kwenye usukani, mume wangu chini ya gari na ufunguo na chupa ya kioo. "Kanyaga! Shikilia! Haya, achia!" Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, tukarudi karibu, mpaka mapovu yakaisha kila gurudumu. Ilichukua alasiri nzima, tukasimama kwa sala tu. Tulicheka sana siku ile. Kuna ndoa zinapata fungate Nungwi, yetu ilipata fungate ya pili kwenye mafuta ya breki.

Hatukukimbilia mlimani. Tulijaribu kwanza uani, kisha barabara tambarare, kisha kilima kidogo, na kila mara shemeji aligusa drami moja moja kuona kama kuna inayochemka peke yake. Baada ya siku tatu ndipo nilipoteremka Mbamba Bay, mume wangu pembeni yangu. Nilisoma dua ya safari, nikaweka gia namba mbili kabla mteremko haujaanza, nikashuka nayo.

Hapa ndipo penye siri ambayo madereva wengi hawaambiwi. Ukishuka kwa gia ndogo na mguu umeuondoa kwenye mafuta, injini ya petroli inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaishika gari isikimbie, na inavuta hewa kwa nguvu zake zote, kwa hiyo busta inashiba. Ukitoa gia, mzigo wote unaangukia drami. Ukizima injini kuokoa petroli, kama wafanyavyo wengine, busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Baada ya hapo pedali inakuwa jiwe. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuanzi kwa kuzima injini kwenye mteremko. Ngamia hufungwa kwanza.

Tangu hapo nimemfuata mama mkwe mara kadhaa mwenyewe, nimempandisha kliniki na kumrudisha. Mara ya kwanza aliponiona nashuka kwenye kiti cha dereva na baibui langu, alishika kinywa, kisha akacheka, akasema, "Mwanangu, baba yenu angeliona hili angefurahi." Mume wangu amelisikia neno hilo kwangu zaidi ya mara moja, na halimchoshi.

Sasa zawadi yangu kwa mabiharusi. Najua wengi mnapenda gari za zamani kwa siku ya harusi, zimepambwa maua na riboni, zinang'aa kwenye picha. Kabla hujapanda, mwombe kaka yako, au fanya mwenyewe, jaribio la dakika moja. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu. Ikanyage na uishikilie, kisha washa injini. Gari ikiwa na busta nzima, pedali itazama kidogo chini ya mguu wako, kama mtu anayekupokea mzigo. Isipozama, busta au mpira wake una tatizo. Ikiendelea kuzama mpaka chini, kuna mahali panavuja, na gari hiyo usipande hata ikipambwa dhahabu. Kama haina busta kabisa, si lazima iwe mbovu, lakini uliza dereva ameizoea kiasi gani, na aende taratibu.

Maua yanaweza kungoja dakika moja. Allah awape ndoa zenye utulivu, na awafikishe salama kila mnapokwenda. Amin.