Koleo Hapana, Nipe Uzi

Nilipoanza unesi katika chumba cha upasuaji, miaka ya 1990, uvimbe ambao leo huitwa GIST, ukitoka kwenye ukuta wa mfuko wa chakula, uliandikwa "saratani ya misuli", basi. Daktari alikata kwa upana: nusu ya mfuko, pengine na bandama, na tezi za jirani juu yake. Wapo waliorudi baada ya muda uvimbe umeshahamia kwenye ini, na dripu za dawa za saratani tulizokuwa nazo hazikuutikisa.

Mwaka 1998 Seiichi Hirota na wenzake huko Japani walionyesha kuwa nyingi kati ya saratani hizo zina hitilafu kwenye jeni ya KIT, inayoziamuru seli ziongezeke bila kukoma. Jina GIST, la uvimbe wa ukuta wa njia ya chakula, likashika. Machi 2000, Helsinki, mama mmoja aliyekwisha kupasuliwa zaidi ya mara moja alipewa imatinibu, kidonge cha saratani ya damu. Uvimbe ukanywea.

Mezani kwetu tezi ndizo zilizopona kwanza, maana GIST haina mazoea ya kupita huko. Kisha mkono wa daktari ukawa mwepesi. Uvimbe huu ni laini, ukipasuka humwaga seli tumboni kote. "Sista, koleo hapana, nipe uzi," bosi wangu alikuwa akisema. Alipitisha uzi kwenye nyama nzima kando ya uvimbe, akauinua kwa uzi huo, akakata akiacha ukingo mdogo tu wa nyama safi. Ukiwa mdogo, siku hizi hutolewa kupitia matundu, ukiwa ndani ya kifuko cha plastiki. Ile mishono ya kutoka kifuani hadi chini ya kitovu siikumbuki kwa hamu.

Kilichowawia vigumu madaktari wetu ni kusubiri. Zamani aliyesubiri alionekana mwoga. Leo uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa hutanguliziwa vidonge vya imatinibu kwa miezi kadhaa, usinyae, ili mgonjwa asibaki na mfuko wa kinyesi ubavuni maisha yake yote.

Na baada ya kisu, dawa. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kuwa walio kwenye hatari kubwa huishi zaidi wakimeza imatinibu kwa miaka 3 kuliko mwaka mmoja. Kuwashawishi ndiyo kazi.

"Sista, si mmeshautoa?" mzee mmoja aliniuliza.

"Tumeutoa, mzee wangu. Hivi vidonge ni kwa ajili ya tusichokiona."

Akauliza bei.