Paka Hana Matanga

Kwetu msiba una kalenda yake. Mtu akifariki, jamaa na majirani hukaa matanga, na siku ikitimia matanga huanuliwa, mikeka hukunjwa, kila mmoja akarejea kazini kwake. Ipo siku ya arobaini. Mjane wa Kiislamu ana eda yake ya miezi 4 na siku 10. Na hapa Burundi tunazo shughuli mbili ziitwazo kwa Kirundi: guca ku mazi, ifanywayo siku chache baada ya maziko, na kuganduka, ifanywayo baadaye sana ili kuufunga msiba kabisa. Desturi hizo zote zina hekima moja, nayo ni kwamba hazimwachii mfiwa peke yake kazi ya kuamua ni lini aruhusiwe kucheka tena.

Walakini paka hana matanga. Akifa huzikwa nyuma ya nyumba, na kesho yake mwenyewe hwenda kazini kana kwamba hapakuwa na jambo. Ni wachache wajao kumpa pole, na wajapo, pole yao ina chembe ya kicheko. Na kwa kuwa hakuna desturi ya kuipima huzuni hiyo, swali la lini kumpokea paka mwingine humwangukia mwenye nyumba peke yake. Swali hilo lilitushughulisha nyumbani kwangu, mtaani Buyenzi, mjini Bujumbura, kwa muda wa miezi 8 ya mwaka 2022. Sidhani kuwa ni dogo kiasi cha kutostahili nafasi katika jarida la walimu.

Paka wetu aliitwa Doa, kwa ajili ya baka jeusi lililokuwa puani pake. Alikaa nasi miaka 9. Alikula ndagala kichwa na mkia, na alipenda kulala juu ya madaftari ya wanafunzi wangu, hasa yale ambayo yalikuwa bado kusahihishwa. Katika mwezi wa Machi, mvua za masika zilipojaza mitaro, panya walihamia katika nyumba na maduka. Jirani yetu wa nyuma, mfanyabiashara wa mchele na mahindi, akatega sumu katika ghala yake.

Sumu za namna ile haziui papo hapo. Huizuia damu isigande, na panya aliyeila huishi siku kadhaa kabla ya kufa. Siku hizo huwa mzito, hutembea mchana kama mlevi, na kumkamata ni kazi rahisi kwa paka yeyote. Paka amlaye panya huyo hula na sumu yake. Tulipoona ufizi wa Doa umekuwa mweupe kama chokaa, tulimpeleka kwa daktari wa mifugo siku ileile. Daktari alimpa vitamini K, ambayo ndiyo dawa ya sumu hiyo, lakini damu ilikuwa imekwisha kumvuja ndani. Alikufa usiku.

Haikupita wiki, mashauri yakaanza kuja. Mtaa wa pili yuko bibi mmoja ambaye paka wake alikuwa na mimba. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, usikae na nyumba tupu. Watoto wakizaliwa, mmoja ni wako." Mwalimu mwenzangu, mtu mzima aliyenitangulia kazini, alinishauri kinyume chake: "Haraka haraka haina baraka. Mwache kwanza huyu atoke moyoni." Nami, kwa mazoea ya kazi, nikakumbuka kwamba wahenga walionena hivyo ndio walionena pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi tufundishao methali twajua jambo hili: methali si sheria, bali ni shahidi, na mashahidi wawili wakweli waweza kuitwa na pande zote mbili za kesi.

Wako watu waliowahi kuiwekea huzuni hii alama. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika juu ya Wamisri kwamba paka akifa kifo cha kawaida, wote waliomo nyumbani humo hunyoa nyusi zao. Jambo hilo limenipendeza kila nilipolifikiri. Nyusi zikinyolewa, jirani hahitaji kuambiwa. Huona mwenyewe na kunyamaza kwa heshima. Tena nyusi huota zenyewe, polepole, wala hakuna awezaye kuziharakisha. Lakini hata Wamisri hao, kuota kwa nyusi hakungewaambia kama nyumba yao imekuwa mahali salama pa paka mwingine.

Wakati ule panya walitawala. Usiku tuliwasikia darini wakikokota vitu, na asubuhi moja nilikuta karatasi za mtihani zimetafunwa pembe zote nne. Ilikuwepo basi hoja ya haja: nyumba yataka paka. Na mwezi wa Aprili yule bibi alituma habari kwamba watoto wamezaliwa, watano. Mtoto wa paka hafai kutengwa na mamaye kabla ya kutimiza wiki 8, kwa hiyo tulikuwa na muda hadi mwezi wa Juni kutoa jibu.

Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10, aliandika insha ya shuleni juu ya Doa, akaniletea niisome. Sentensi ya kwanza ilikuwa: "Paka yetu alikuwa mpole." Msomaji mwalimu amekwisha kuona. Sarufi sanifu yataka "paka wetu", na "paka yetu" ni usemi wa kila siku katika mitaa yetu hii na ng'ambo ya pili, upande wa Kongo. Nilimweleza kanuni: majina ya viumbe huchukua upatanisho wa viumbe, ila tunasema dada yetu, mama yetu, rafiki yetu, kwa kuwa majina ya jamaa na masahibu yana njia yao. Alisikiliza, akauliza, "Na Doa hakuwa rafiki yetu?" Nikamwambia kwamba alikuwa. Akasahihisha sentensi kwa kalamu yake mwenyewe: "Doa alikuwa rafiki yetu, tena mpole." Ikawa sanifu, na hakupoteza kitu.

Ndipo nilipomwuliza juu ya wale watoto watano wa paka. Nilitazamia kusikia habari za huzuni, kwamba moyo haujatulia. Jibu lake lilikuwa jingine: "Baba, sumu ingali pale. Ukimleta mwingine sasa, tutamzika karibu na Doa."

Naam, sote watu wazima tulikuwa tukiipima mioyo yetu, kama imepoa au haijapoa. Mtoto alikuwa amepima ghala ya jirani. Tangu siku hiyo swali letu liligeuka. Si muda gani umepita tangu kifo, bali je, kilichomuua kimeondoka?

Nilikwenda kwa mwenye duka jioni moja, bila hasira, maana hasira haijapata kuziba tundu la panya. Alinipokea vizuri, akanipeleka ghalani na kunionyesha magunia yaliyotobolewa. "Mwalimu," alisema, "nakupa pole kwa paka wako. Lakini nawe nipe pole kwa magunia yangu. Watoto wangu wanakula humu." Sikuwa na la kumjibu upande huo, kwa sababu alisema kweli. Nilimwomba tu tuitazame ghala pamoja. Magunia yalilala chini sakafuni yakiegemea ukuta, na ukuta ulikuwa na matundu matatu kuelekea mtaroni.

Mazungumzo hayo hayakumalizika siku moja. Mwezi wa Juni ulifika, na watoto wa paka wa yule bibi wakachukuliwa mmoja mmoja na watu wengine. Binti yangu alikwenda kuwatazama mpaka alipobaki wa mwisho, kijike cheupe, naye pia akaenda zake. Alirudi nyumbani akanyamaza. Sitaficha kwamba kungoja kule kulituuma kuliko msiba wenyewe, kwa kuwa msiba haukutuomba ruhusa, na kungoja tulikuchagua.

Katikati ya Julai jirani alikubali kujaribu. Majirani watatu, mmoja wao mfugaji wa kuku, tulichanga faranga za saruji. Matundu yakazibwa, magunia yakainuliwa juu ya mbao mbali na ukuta, na mitego ya chuma ikawekwa mahali pa sumu. Panya hawakwisha, lakini walipungua, na mwenye duka akaona kwamba hasara yake imepungua pia.

Hata hapo hatukukimbilia kumchukua paka. Daktari alitueleza kwamba baadhi ya sumu hizo hukaa katika ini la mnyama kwa miezi, hivyo panya aliyenusurika bado aweza kuwa na hatari. Tukangoja tena. Paka wa yule bibi alizaa mara ya pili mwezi wa Septemba, na mwishoni mwa Novemba alituletea kijike mwenyewe, mkononi, amefungwa katika kanga. "Mwalimu," aliniambia akicheka, "umekaa eda ya paka!" Nilihesabu baadaye, tangu siku ya saruji, nikaona hakukosea sana.

Mgeni ana rangi ya kunde, na ndivyo aitwavyo. Rafiki mmoja alipendekeza tumpe jina la marehemu. Binti yangu alikataa, nami nilimwunga mkono. Lugha yetu ina maneno mawili yanayofaa kutenganishwa hapa. Badala ni kile kikaacho mahali pa kingine. Mwingine ni yule aongezekaye katika hesabu, wala hamwondoi aliyetangulia. Kunde ni paka mwingine. Hapendi ndagala, halali juu ya madaftari, na huogopa mvua ambayo Doa hakuijali. Angekuwa badala, kila moja ya tabia hizo ingekuwa kasoro.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo angoje muda gani, simpi idadi ya siku. Namwuliza mambo mawili. La kwanza, kilichomuua yule wa kwanza umekiona, na umekifanyia nini? La pili, ajaye utaweza kumwita kwa jina lake mwenyewe? Akiwa na majibu, hata wiki moja yatosha. Asipokuwa nayo, hata mwaka mzima ni mfupi. Na katika muda huo ni heri atafute saruji.