Sita moja kenda

Kadi ya kwanza ya jirani yangu ilikuwa na namba 619619. Naiandika hapa bila woga kwa sababu kadi ile ilikwisha kubadilishwa. Tulivuka mwaka 2017 tukitoka upande wa Pweto, tukalala Kenani ndani ya mahema, halafu 2018 tukaletwa Mantapala. Mama huyu hakusoma, lakini namba aliishika kama wimbo: sita moja kenda, sita moja kenda.

Siku moja ya mgao wa unga alirudi na gunia tupu.

"Mwalimu, jina yangu haiko. Banasema hii kadi ni ya mutu mwingine."

Nikaenda naye mpaka kwenye meza. Kijana mwenye orodha alikuwa amechoka, jua kali, mstari mrefu nyuma yetu. Kwenye karatasi yake niliona 691619, na jina linalofanana na la mama, limekosewa herufi moja.

Huko nyumbani nilifundisha hesabu. Nikatoa moja kwa nyingine: 72000. Inagawanyika kwa 9. Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti lazima igawanyike kwa 9. Wahasibu hutafuta makosa kwa njia hiyo. Ni dalili, si ushahidi kamili. Kujumlisha tarakimu hakusaidii kitu, maana namba zote mbili zinatoa 32. Lakini 11 haidanganyiki. Anza kulia, toa, ongeza, toa: 9−1+6−9+1−6 ni sifuri, kwa hiyo namba ya mama inagawanyika kwa 11. Ile ya orodha inatoa 16, haigawanyiki.

Na si ajabu. Namba ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, umeizidisha kwa 1001, na 1001 ni 7×11×13. Inabaki 619, ambayo haigawanyiki kwa kitu isipokuwa 1 na yenyewe. Sisi tulisoma kwa Kifaransa. Kwenye kitabu kimoja cha Tanzania nilikuta namba za namna hiyo zinaitwa tasa. Nilipomweleza mama, akacheka sana.

"Tasa? Na zingine zote zinazaliwa kwake?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tu kwamba kwetu Kongo, pale Ishango kwenye Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wa zamani sana wenye mikato. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19: tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Kama aliyekata alijua anachofanya, wataalamu bado wanabishana. Mfupa wenyewe uko Brussels.

Kijana wa meza alinisikiliza mpaka mwisho, na heshima alikuwa nayo. Akasema hesabu yangu ni nzuri lakini yeye anafuata karatasi, twende kwenye ofisi ya kuandikisha. Tulienda mara nne. Migao miwili ikapita. Mama aliishi kwa unga wa majirani na kwa chisense kidogo alizochukua kwa mkopo Kashikishi, ambazo deni lake lilikaa muda mrefu kuliko samaki wenyewe.

Sasa ana kadi mpya, jina limeandikwa sawasawa. Namba mpya hajaishika. Wakimwuliza mezani, anafungua mdomo: sita moja kenda... halafu anaanza kutafuta kadi ndani ya kitenge.