Usiku Ule wa Tumbo

Binti yetu alipoanza kujikunja kwa maumivu ya tumbo, tulifanya tulichozoea. Tuliimba pambio, tukampaka mafuta, tukawapigia simu wazee wa kanisa. Alikuwa na miaka 11. Kwa wiki mbili alikuwa akinywa maji kupita kiasi, amekonda, na kitanda alichoacha kukikojolea akiwa mdogo kilianza kulowa tena. Tulimgombeza kwa hilo. Bado linatuuma kuliko mengine yote.

Alfajiri akawa anatapika na kuhema kwa nguvu. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alisema ni pepo anataka kutoka. Hatukumpinga, maana nasi tuliamini hivyo, na saa nyingine mbili zikapita.

Hospitalini daktari alibonyeza tumbo, mtoto akapiga kelele, ikatajwa habari ya kidole tumbo na upasuaji. Muuguzi ndiye aliyeinama, akasikia pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno. Akamchoma kidole, akapima sukari. Kile kimashine hakikutoa hata namba. Sukari ilikuwa imepita uwezo wake wa kupima.

Kumbe ni kisukari, ile aina inayoanza utotoni. Mwili usipokuwa na insulini hushindwa kutumia sukari, ukaunguza mafuta badala yake, na damu ikajaa asidi. Asidi hiyo huweza kuuma tumbo hadi likafanana na la kupasuliwa. Hakupasuliwa. Aliwekewa dripu ya maji, insulini na potasiamu, akapimwa sukari kila saa. Kesho yake tumbo lilikuwa laini.

Wapo washirika waliotuuliza, kwa upendo tu, kama sindano za kila siku si upungufu wa imani. Mwanzoni tulinyamaza. Siku hizi tunawasimulia habari za Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyechomwa insulini huko Toronto, Januari 1922, wa kwanza kutibiwa hivyo. Kabla yake watoto wa namna hii walikufa, na wazazi wao nao walikuwa wakiomba. Hilo hatujui kulieleza, wala hatujaribu.

Jioni chakula kikiwa mezani, binti yetu hujipima, hujichoma sindano, hufunika kalamu yake. Sisi tunamsubiri, mikono imeshikana. Akimaliza, yeye ndiye anayeombea chakula.